Nani Aliyepiga Magoti? Kisa cha kanisa lililojibu mahitaji ya maombi kwa akili mnemba

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, na wataalamu wa kompyuta wanaojitolea kulisaidia kanisa. Jina la kanisa, mahali lilipo, dhehebu lake na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Baadhi ya mambo madogo yanayomhusu mama aliye katikati ya kisa yamebadilishwa. Yeye mwenyewe aliusoma uchambuzi huu kabla haujatoka, akaomba sehemu mbili zifutwe, nazo zimefutwa. Mimi niliitwa na baraza la wazee baada ya mambo kuharibika. Niliketi nao katika vikao vyao na kusoma kumbukumbu zote walizonikabidhi.

Usuli

Kanisa lina washarika mia kadhaa, mchungaji mmoja, mhudumu wa vijana, katibu wa ofisi na baraza la wazee. Kwa miaka mingi mahitaji ya maombi yaliandikwa kwenye karatasi na kutumbukizwa katika kisanduku mlangoni. Kila Jumatano jioni kundi la waombezi lilikifungua, likayasoma moja baada ya jingine na kuyaombea. Hakuna aliyejibiwa kwa maandishi. Lakini aliyeombewa alijua, kwa sababu Jumapili mtu angemshika mkono na kumuuliza mgonjwa wake anaendeleaje.

Mwaka 2020, ibada ziliposimama kwa sababu ya Covid-19, kisanduku kilihamia kwenye tovuti kikawa fomu. Milango ilipofunguliwa tena, fomu ilibaki, na kwa namna fulani ikawa baraka. Watu ambao wasingethubutu kuonekana wakitumbukiza karatasi sasa waliandika usiku, peke yao, mambo ambayo hayakuwahi kufika mlangoni: ndoa inayovunjika, deni lililofichwa, mzazi mlevi, mawazo ya kujiua. Mahitaji yaliongezeka, yakawa marefu na mazito. Tena watu walianza kutarajia jibu, maana anayeandika kwenye simu hungoja simu ijibu. Kundi la Jumatano liliendelea kuomba kama zamani, ila kujibu haikuwa kazi ya mtu yeyote. Malalamiko yakaanza kumfikia mchungaji: niliandika wiki tatu zilizopita, na kanisa halijaniuliza hata neno.

Msharika mmoja, mtaalamu wa programu, alimwona mchungaji akijibu ujumbe wa simu pembeni ya kaburi, mazishi yakiendelea. Akaamua kumsaidia. Naomba msomaji alishike hili tangu mwanzo: hakuna mtu katika kisa hiki aliyekusudia kudanganya. Mtu huyu alitumia jioni zake, bila malipo, kwa sababu alimpenda mchungaji wake.

Aliunganisha fomu na modeli kubwa ya lugha, yaani programu ya akili mnemba inayoandika maandishi, ya kampuni moja ya nje. Ombi likifika, modeli iliandika rasimu ya jibu, katibu aliisoma, mchungaji aliiidhinisha, kisha barua pepe ikatoka kwa jina la mchungaji. Maelekezo aliyoiandikia modeli yalikuwa mafupi. Yaliitaka ijibu kama mchungaji wa kanisa, kwa upole, itaje Maandiko yanayofaa, na imhakikishie mwandishi kwamba ameombewa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa yote yanayofuata.

Kilichotokea

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Katibu alirekebisha majina, akapunguza maneno yaliyozidi utamu, na mara moja alizuia rasimu iliyomshauri mke anayepigwa avumilie. Mchungaji alisoma kila rasimu, na kwa kuwa alikuwa amelisoma ombi lenyewe, mara nyingi aliomba palepale mezani kabla ya kubonyeza.

Kisha rasimu zikawa nzuri kiasi kwamba hakukuwa na cha kurekebisha. Mchungaji alianza kuziidhinisha kumi kwa mkupuo. Baadaye, alipokuwa safarini na rasimu zimejaa, mtaalamu alipendekeza zile za kawaida ziende zenyewe, na zile zenye maneno ya hatari tu, kama kujiua au kupigwa, zisubiri mtu. Baraza lilikubali kwa dakika chache mwishoni mwa kikao kilichokuwa na ajenda ya paa. Nimeisoma kumbukumbu ya kikao hicho: uamuzi huo umeandikwa kwa sentensi moja.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuonwa na mtu. Mfumo ulipokwisha kutuma jibu, uliliwekea ombi alama ya "limejibiwa". Orodha iliyochapwa kwa ajili ya kundi la Jumatano ilichukua mahitaji yasiyo na alama hiyo. Kwa hiyo, siku majibu yalipoanza kwenda yenyewe, orodha ya waombezi ilipungua hadi karibu ukurasa mtupu. Waombezi walishukuru Mungu kwamba shida zimepungua. Baadhi yao waliacha kuja, kwa kuwa kikao kilikuwa kinaisha mapema. Kwa takriban miezi saba watu waliandika shida zao, wakaambiwa wameombewa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewaombea.

Katikati ya kipindi hicho mama mmoja, ambaye hakuwa na muda mrefu katika kanisa hilo, alimpoteza mtoto tumboni mimba ikiwa kubwa. Usiku uleule aliporudi kutoka hospitali aliandika kwenye fomu. Aliuliza mambo mawili: mwanawe yuko wapi, na kama kuna mtu anayeweza kumwombea kwa sababu yeye mwenyewe hawezi. Maneno yake hayakuwa na lolote lililowekwa kwenye orodha ya hatari. Jibu lilirudi baada ya dakika chache.

Lilikuwa jibu zuri. Nimelisoma mara nyingi, na bado nasema lilikuwa zuri. Lilinukuu Zaburi 34:18, kwamba Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, na lilinukuu sawasawa. Halikumwambia kwamba Mungu alihitaji malaika mwingine. Lakini lilikuwa na mambo mawili zaidi. Lilitaja mstari wa Isaya, kwa sura na namba, ambao ukiufungua katika Biblia unazungumzia jambo tofauti kabisa. Maneno yaliyowekwa pale yalikuwa mchanganyiko wa Isaya 49:15, Mungu anaposema hatasahau hata mama akimsahau mtoto wake anyonyaye, na ahadi ya Elisha kwa mwanamke Mshunami katika 2 Wafalme 4:16, kwamba mwakani wakati kama ule atakumbatia mwana. Na mwisho liliandika: "Usiku huu nimepiga magoti kwa ajili yako na kwa ajili ya mwanao." Chini yake, jina la mchungaji.

Mama aliichapa barua ile, akaiweka ndani ya Biblia yake. Wiki kadhaa baadaye, baada ya ibada, alimfuata mchungaji mlangoni, akamshika mikono yote miwili na kusema, "Mchungaji, asante kwa kukesha kwa ajili yangu."

Mchungaji hakujua anazungumzia nini. Hakujua hata kwamba alikuwa na mimba. Angeweza kuitikia kwa kichwa, foleni ya watu ilikuwa nyuma yake na mama alikuwa ametulia. Badala yake alisema, "Mama, nisamehe. Sina habari. Umepatwa na nini?"

Mama akatoa barua.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanywa jioni ileile bila kusubiri baraza: mchungaji alimpigia simu mtaalamu na kumwomba azime majibu yote. Mtaalamu aliuliza kama haitoshi kurudisha hatua ya kuidhinisha. Mchungaji alikataa kwa sababu moja tu. Hakujua ni barua ngapi zilikwisha kutoka zikisema amepiga magoti, na hakutaka itoke hata moja zaidi.

Kikao cha wazee kilichofuata kilikuwa kigumu, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kanisa lilipokaribia kurekebisha kosa lisilo lenyewe. Wazee wengi waliutazama mstari wa uongo. Mtaalamu alieleza, na alieleza kwa usahihi, kwamba modeli ya lugha haifungui Biblia ili kunukuu. Inatabiri neno linalofuata kwa kufuata mifumo iliyojifunza katika maandishi mengi mno, na mara nyingine hutoa kitu chenye sura na sauti ya Maandiko ambacho hakimo katika Maandiko. Alikuwa na tiba: angeunganisha mfumo na Biblia kamili ili kila mstari uchukuliwe kutoka humo na kukaguliwa kabla ya barua kutoka. Tiba hiyo inafaa, na kwa kazi nyingine ningeipendekeza. Kikao kilikuwa kinaelekea kuikubali.

Mzee mmoja mwanamke, aliyekuwa kimya, akafungua 2 Wafalme 4 na kuomba asome mbele zaidi ya mstari ambao mashine iliugusa. Mshunami alipoahidiwa mwana, alimsihi Elisha asimwambie uongo. Mwana alizaliwa, akakua, akafa. Mama alipomfuata nabii, Elisha alimtuma Gehazi na fimbo yake akaiweke juu ya uso wa mtoto. Fimbo ilikuwa ya Elisha kweli, na Gehazi aliiweka kama alivyoagizwa, lakini mtoto hakutoa sauti wala hakuitikia. Mama alikuwa amekataa kuondoka bila Elisha mwenyewe, na ilibidi Elisha aende, afunge mlango, amwombe Bwana, na kujinyoosha juu ya mtoto kinywa kwa kinywa, macho kwa macho. Kisha mzee yule aliuliza: "Hata kama mistari yote ingekuwa sahihi, ni nani aliyepiga magoti?"

Hakuna aliyemjibu, na suala la kuunganisha mfumo na Biblia halikurudi tena mezani siku ile.

Kabla ya kuamua zaidi, niliwaomba wazee watazame yaliyowapata wengine. Juni 2023, katika mji wa Fürth, Ujerumani, wakati wa mkutano mkubwa wa Waprotestanti, ibada iliyoandaliwa kwa sehemu kubwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba, iliendeshwa kanisani, mahubiri yakitolewa na sura za watu kwenye skrini. Mamia ya waliohudhuria walijua wanachokiona. Wengine walichoka, wengine walivutiwa, lakini hapakuwa na aliyedanganywa. Mwaka 2024, huko Lucerne, Uswisi, kanisa dogo liliweka sura ya Yesu inayozungumza kwa akili mnemba ndani ya chumba cha kitubio, na watu wakaonywa wasitoe taarifa zao binafsi. Mwaka huohuo shirika la Catholic Answers la Marekani lilitoa mhusika wa kompyuta aliyevalishwa kama padre na kuitwa "Father Justin". Watumiaji walieleza kwamba alijitambulisha kuwa padre wa kweli na kukubali maungamo. Ndani ya siku chache alivuliwa mavazi ya kipadre akabaki "Justin" tu.

Wazee hawa si Wakatoliki, lakini walisoma pamoja sehemu ya hati ya Vatikani iitwayo Antiqua et Nova, iliyotolewa Januari 28, 2025. Inasema waziwazi kwamba kuionyesha akili mnemba kana kwamba ni mtu ni jambo la kuepukwa daima. Mzee mmoja alitaka kujitetea: sisi hatukusema mashine ni mtu. Katibu akamjibu kwamba walifanya zaidi ya hapo, waliipa jina la mtu wanayemjua.

Baada ya hapo maamuzi yalikuja kwa haraka kiasi. Mama alielezwa kwanza, nyumbani kwake, kabla ya mtu mwingine yeyote kuambiwa lolote. Mchungaji alikwenda na yule mzee aliyesoma habari za Mshunami. Alimweleza kila kitu, pamoja na kwamba ule mstari haupo katika Biblia kama ulivyoandikwa na kwamba hakuna aliyemwahidi mtoto kwa jina la Mungu. Sehemu hiyo, mchungaji aliniambia, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu alikuwa anamnyang'anya mama tumaini ambalo kanisa lake lilimpa.

Kisha kanisa zima liliambiwa Jumapili, bila kumtaja mama wala kuonyesha barua yake. Wapo waliotaka jambo limalizwe kimya ili lisilete aibu. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba watu wengi walikuwa na barua kama zile majumbani, na kila mmoja alikuwa na haki ya kujua alicho nacho.

Mahitaji yote ya kipindi kile yalitolewa kwenye mfumo, yakachapwa na kugawanywa kati ya wazee na waombezi. Kila mtu alitafutwa na kuambiwa mambo matatu: barua uliyopata iliandikwa na mashine, hukuombewa wakati ule, na tunakuombea sasa ukipenda. Wengine walikataa kuzungumza. Baadhi ya mahitaji yalikuwa yamepitwa na wakati kwa namna ya kuumiza, kwani mgonjwa aliyetajwa alikwishazikwa.

Mwisho likaja suala la siri, ambalo lilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Mahitaji yale yalikuwa na majina, magonjwa, na makosa ya watu wengine ambao hawakuwahi kukubali habari zao ziandikwe popote. Yote yalikuwa yamepita kwenye seva za kampuni ya nje, chini ya akaunti binafsi ya mtaalamu, na nakala zilibaki kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Hakuzisoma. Lakini hakuna sheria ya kanisa iliyomzuia kuzisoma, na angehama kanisa, nakala zingehama naye. Nakala zilifutwa mbele ya wazee wawili, akaunti ikafungwa, na kampuni ikaandikiwa iondoe ilichohifadhi.

Matokeo

Mama hakuondoka kanisani. Alisema sentensi ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka: "Maneno yalinisaidia, na ndiyo maana yananiuma." Aliomba mchungaji asimtembelee kwa muda, na badala yake aende mama mwingine ambaye naye aliwahi kuzika mtoto. Wanawake hao wawili walikutana mara nyingi. Walichozungumza si sehemu ya kisa hiki.

Familia mbili ziliondoka, zikisema haziwezi tena kuamini barua yoyote ya kanisa. Mtaalamu alitaka kujitoa katika huduma zote. Mchungaji alimwendea na kumwambia kwamba uamuzi wa kuacha majibu yaende yenyewe ulipitishwa na baraza lenye yeye mchungaji ndani yake, na kwamba hataruhusu mtu mmoja abebe lawama ya wote. Leo anatunza mfumo mpya, ambao ni mdogo na hauna modeli ya lugha.

Fomu mpya inamuuliza mwandishi anataka ombi lake lisomwe na nani: mchungaji peke yake, au kundi la waombezi pia. Kabla ya nafasi ya kuandika kuna namba ya simu ya dharura kwa mwenye mawazo ya kujiua au aliye hatarini. Baada ya kutuma, mtu hupata ujumbe mfupi unaosema kwamba umetumwa na kompyuta, kwamba ombi limefika, na kwamba mtu atalisoma ndani ya siku tatu. Neno "nimekuombea" haliandikwi ila na aliyeomba, baada ya kuomba, kwa jina lake. Alama ya "limejibiwa" imeondolewa. Ombi hubaki kwenye orodha ya Jumatano hadi mwandishi mwenyewe aseme litolewe. Kundi limekua kuliko lilivyokuwa kabla ya fomu.

Akili mnemba haijafukuzwa ofisini. Katibu anaitumia kupanga ratiba, kutafsiri matangazo, na kuandika rasimu za barua za kiutawala. Mchungaji anaitumia kutafuta mawazo ya maswali ya mafunzo ya vijana, na hukagua kila mstari wa Maandiko kwa Biblia iliyo wazi mezani.

Uchambuzi

Wengi waliosikia kisa hiki huhitimisha kwamba maneno ya mashine hayafai katika maombi. Sikubaliani. Kanisa limeomba kwa maneno ya wengine tangu mwanzo. Tunaomba Zaburi ambazo hatukuzitunga, na makanisa mengi yana vitabu vya sala vilivyoandikwa na watu waliokufa zamani. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye anajitaja mwenyewe katika 16:22, wala hakuna anayeona Paulo alidanganya. Lakini nyuma ya Tertio alikuwapo Paulo, mwenye kusema kila neno na kuwajibika kwalo. Mshiriki anayesoma sala ya kitabuni huifanya yake kwa kuiomba. Mchungaji angeweza kuchukua rasimu ya mashine, akaisoma mbele za Mungu kwa ajili ya mama yule, na barua ingekuwa ya kweli. Ndivyo ilivyokuwa miezi ile ya kwanza, alipoomba kabla ya kubonyeza. Maneno hayakubadilika siku mfumo ulipoachwa uende wenyewe. Kilichoondoka ni mtendaji wa kitenzi. "Nimepiga magoti" ni taarifa ya tendo, na tendo hilo halikufanyika.

Ndiyo maana siilaumu modeli kwa sentensi ile. Iliambiwa imhakikishie mwandishi kwamba ameombewa, ikatii. Barua za wachungaji husema hivyo, na yenyewe imejifunza kutoka kwa barua kama hizo. Uongo uliandikwa na watu, katika maelekezo, kabla ya mama kuandika chochote. Kanisa linalotaka kujikagua lisianzie kwenye majibu ya mashine, lianzie kwenye maelekezo iliyopewa: ni kipi kimeamriwa kisemwe ambacho hakuna mtu amepangiwa kukitenda?

Kushindwa kwa pili kulikuwa kwenye kipimo. Baraza lilipokea taarifa kila mwezi ya muda wa kujibu, na ulishuka kutoka wiki hadi dakika. Kila aliyeitazama taarifa hiyo alifurahi. Hakukuwa na mahali popote pa kuandika kama mtu ameomba, kwa hiyo maombi yalipokoma, taarifa ilionyesha mafanikio. Hata alama ile ndogo ya "limejibiwa" ilibeba teolojia ndani yake, kwamba ombi huisha mwandishi anapopata barua. Aliyeiweka hakufikiri teolojia, alifikiri orodha. Wazee ndio waliopaswa kuifikiria, nao hawakuonyeshwa, wala hawakuuliza.

Kuhusu idhini ya mchungaji, nasema kwa mkato kwa kuwa wengi watakutana nalo: mtu anayewekwa kukagua kazi ambayo karibu kila mara ni nzuri huacha kukagua. Si uvivu wa mtu fulani. Anayetegemea hatua ya idhini peke yake kama kinga ajue kwamba inachakaa.

Lililofanya kazi vizuri zaidi ni jibu la mchungaji mlangoni. Alikuwa na nafasi ya kupokea shukrani isiyo yake, na kila kitu kilimwelekeza huko: foleni, aibu, utulivu wa mama. Angeitikia, kisa hiki kisingejulikana, na orodha ya Jumatano ingeendelea kuwa tupu. Kumwendea mama kabla ya kikao chochote cha hadhara nako kulikuwa sahihi, na kanisa lilistahili sifa kwa kutokimbilia tiba ya kiufundi ilipowekwa mezani ikiwa tayari na bila gharama.

Ila kuna jambo ambalo maamuzi yale hayakulitatua, na nisingekuwa mkweli nikiliacha. Katika kuwatafuta watu wa ile orodha, mzee mmoja alikutana na kijana aliyekuwa ameandika zaidi ya mara ishirini, karibu zote usiku wa manane. Alipoambiwa kwamba majibu yalikuwa ya mashine, alisema alikwishajua, na hakujali. Alisema ilikuwa kitu pekee kilichomjibu saa zile, na sasa, ujumbe unaomwambia mtu atasoma ndani ya siku tatu haumsaidii usiku. Amehamia kwenye programu ya kawaida ya mazungumzo kwenye simu yake, isiyo ya kanisa, ambako hakuna mzee atakayejua anachoandika.

Mzee yule alimpa kijana namba yake ya simu, na amepigiwa mara mbili. Baraza linajaribu kuanzisha zamu ya usiku ya watu wanaoweza kupokea simu. Waliojitolea hadi sasa hawatoshi hata kwa nusu ya wiki, na mchungaji amekataa kujiweka kwenye kila zamu iliyo wazi, kwa maana uchovu wake ndio uliowafikisha hapa. Pendekezo lililopo ni kuungana na makanisa mengine mawili na kugawana usiku. Kinachowazuia kwa sasa ni kanuni ya siri: bado hawajakubaliana mtu wa zamu aandike nini kuhusu simu aliyoipokea, na nani wa kanisa jingine aruhusiwe kuisoma.